Namba ya Mama kwenye Mwongozo wa Minwal

Mdogo wangu Lamjed analipwa kuandika maneno ambayo hakuna anayeyasoma. Si mimi ninayesema, ni yeye mwenyewe, na husema huku anatabasamu, ndiyo maana naumia zaidi. Kazi yake ni mwongozo wa Minwal. Minwal ni lugha ya kompyuta. Walioitunga ni vijana fulani wa Tunis waliochoka kuandika programu kwa maneno ya Kizungu, wakatafuta ya nyumbani, na leo utaikuta kwa muuza dawa wa Béja, kwenye kinu cha zeituni cha Mahdia, na kwa kila fundi wa mtaani aliyejifunza kompyuta kwa kubahatisha. Vijana wanaitengeneza lugha, Lamjed anaandika jinsi ya kuitumia. Wao wakibadilisha jambo asubuhi, yeye kufikia adhuhuri kazi yake ya mwezi imeshakuwa uongo, na inabidi aanze upya.

Anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi, barabara ya Teniour, kilomita ya nne. Mimi niko kilomita ya pili na mume wangu na masinia yangu ya baklawa. Lamjed hakuoa. Sfax nzima ina maelezo kuhusu mwanamume asiyeoa, na yote nimeyasikia kwenye harusi ninazopelekea vitamu, wanawake wakinong'ona huku wanakula baklawa yangu. Wanikome! Ukweli wenyewe ni mfupi. Baba alikufa mapema, mimi nikaolewa, mama akapigwa na kiharusi, na Lamjed akabaki naye. Akaacha kufundisha shule, akatafuta kazi ya kufanyia jikoni ili mama akiita asikie.

Na mama aliita, jamani! Sauti ilikuwa imemwishia, kwa hiyo tulimnunulia simu ya vitufe vikubwa, akaivaa shingoni kwa kamba. Alimpigia Lamjed kutoka chumba cha pili. Anataka maji, anapiga. Mto umeteleza, anapiga. Wakati mwingine hataki kitu, anapiga tu amsikie akisema, "Naam mama." Miaka ilipita hivyo. Alipofariki, Lamjed alinyoa, akapokea watu waliokuja kuhani, akanishika mkono kaburini nisianguke. Mimi nililia mpaka nikachoka kulia. Yeye alirudi jikoni kuandika.

Tangu hapo nikienda kumwona namkuta amevaa shati lililopigwa pasi, chakula kiko tayari, nyumba inang'aa, na hakuna mtu wa kumvalia shati hilo. Nikimwambia, "Njoo kwetu ukae hata wiki," anajibu, "Nina sura ya kumaliza, dada." Kila siku ana sura ya kumaliza.

Sasa nieleze kosa lake, maana bila hilo hakuna hadithi. Nilimwomba anifafanulie kazi yake kama anayezungumza na mjinga, akafanya hivyo bila aibu yoyote.

"Wewe una msichana wa kukusaidia jikoni," akasema. "Akivunja mayai, anapiga kelele, 'Dada, nimevunja!' Si ndiyo?"

"Huyo wangu anaficha maganda."

"Basi programu haifichi, inapiga kelele. Inarusha hitilafu. Na lazima awepo wa kuidaka na kuamua la kufanya. Asipokuwepo, kazi nzima inasimama."

Minwal ilikuwa na amri moja ya wavivu: daka chochote. Ukiiandika, hitilafu ya aina yoyote inadakwa, iwe umeme, iwe waya, iwe upuuzi wako mwenyewe, halafu unasema kifanyike nini. Katika sura ya hitilafu Lamjed alitakiwa kuweka mfano. Akaandika kiprogramu kifupi kinachosoma kipimajoto. Kikishindwa kusoma, kidake chochote, kitume meseji kwenye namba fulani. Namba gani? Watu wa kazi yake wana desturi ya kuweka namba ya uongo isiyoweza kuwa ya mtu. Lamjed aliandika sura ile mwezi uleule tuliomzika mama. Vidole vikaandika namba ya mama. Akaitazama, akaona sawa tu, kwani hiyo ndiyo namba pekee aliyoijua kwa moyo na ambayo hakuna tena wa kuipokea.

Hakufikiria jambo ambalo mtu wa kazi ile anapaswa kulijua kuliko wote: watu hawasomi mwongozo. Wanashuka moja kwa moja kwenye mfano, wanaunakili, wanaubandika. Wanabadilisha maneno ya meseji, labda, ili ijulikane ni chumba kipi au friji ipi na apigiwe nani. Namba inayotumiwa meseji wanaiacha. Wanadhani ni namba ya wenye Minwal, kuna ofisi mahali fulani, watu wamekaa wanasubiri kusaidia.

Mimi niligundua siku ya Idi. Nilipeleka samaki wa chumvi na sharmula, ule mchuzi wetu wa zabibu na vitunguu, kama kila mwaka, tumekaa mezani, ndiyo kwanza nimemega mkate. Simu ikalia kabatini. Nilijua mlio ule kabla sijajua ninachokijua.

"Lamjed. Hiyo si simu ya mama?"

Akainuka, akafungua kabati, akaitoa. Ilikuwa imechajiwa, kamba yake ileile. Akasoma, akasema, "Friji ya dawa, Béja. Subiri dakika moja." Akapiga. "Bwana dawa, Idi njema. Friji yako ya chanjo imezima, kaangalie. Haya. Haya. Nawe pia." Akarudi kukaa, akachovya mkate kwenye sharmula.

Nilipandwa na mori wallahi. "Umegawa namba ya mama kwa nchi nzima?"

"Kwa bahati mbaya."

"Na ukaiacha hivyo?"

"Mwanzoni nilitaka kuiondoa."

"Halafu?"

Alimtoa samaki mfupa mmoja mmoja, akaupanga pembeni ya sahani. "Halafu wakaanza kunishukuru," akasema.

Nilimwita mwendawazimu, nikamwita mlinzi wa nchi nzima asiye na mshahara. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alikuwa anaiwekea laini ile salio kila mwezi ili isikatwe wakampa mtu mwingine. Pampu ya maji ya shamba la Kasserine, kengele ya shule moja Gafsa, friji ya Béja, wote hao walikuwa wake. Yeye anapokea, anapiga, anasema "kaangalie", anakata. Dakika mbili, akasema. Nikala samaki wangu.

Lakini palikuwa na mmoja ambaye hakuwa wa dakika mbili.

Jina lake Boutheina. Ni mjane, yuko Makthar, huko juu kwenye baridi, ana mashine za kutotolesha vifaranga. Wanawe wako Italia. Mara ya kwanza meseji yake ilipoingia, "Mashine ya chini imepoa," Lamjed alimpigia makusudi amwambie kuwa amekosea namba. Akapokea mwanamke anahema, ametoka mbio bandani. "Mungu awabariki," akasema, "mmeniokoa. Ningewakuta wote wamekufa." Mmeniokoa, alisema, kwa wingi. Na Lamjed amesimama peke yake jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Akashindwa kumwambia.

Mashine za Boutheina zilikuwa mbovu kupita kiasi. Kila wiki kuna kitu. Mimi nikiwa pale nimesikia mara nyingi, maana Lamjed huweka spika ili mikono iendelee na kazi.

"Kaka wa Minwal!" anasema yule mama, sauti yake ina kicheko ndani hata anapolalamika. "Leo umechelewa. Nilidhani wamekufukuza kazi."

"Hawawezi kunifukuza, Bi Boutheina. Hawana mwingine. Ni ya chini au ya juu?"

"Ya chini, hiyo malaya. Nimeshaiangalia, imerudi. Kwenu kunanyesha?"

"Hakunyeshi. Kwenu?"

"Kwetu theluji mpaka dirishani. Umekula nini?"

Basi hapo watazungumzia chakula. Yeye atamwambia namna wanavyopika mchuzi wa ngano huko kwao, Lamjed atamwambia kuwa watu wa Makthar hawajui pilipili, watabishana. Lamjed akicheka huziba mdomo kwa mkono, kama mtu aliye msikitini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tuko watoto. Nilikuwa nikipasua lozi zangu na kujitia sisikii.

Mambo yakawa hivyo mpaka vijana wa Tunis walipoleta toleo jipya.

Aliyempigia ni Ridha, mkubwa wao, kijana mwenye adabu anayemwita Lamjed mzee na kumharakisha kwa wakati mmoja. "Mzee Lamjed, habari ni hii. Daka chochote tunaitoa."

"Kuitoa kabisa?"

"Kabisa. Watu wanaitumia kufichia makosa yao. Programu inaumwa, inadaka, inanyamaza, inaendelea kama hakuna kilichotokea, halafu siku inaanguka hakuna anayejua iliumwa wapi. Kuanzia sasa mtu ataje jina la hitilafu anayoidaka. Asiyoitaja, programu isimame palepale, mbele ya macho yake."

"Ni sahihi," Lamjed akasema. "Ilitakiwa iwe hivyo toka mwanzo."

"Ndiyo maana nakupenda, mzee. Basi mwongozo mzima upitie. Mifano yote tumeijaribu kwenye toleo jipya, imekuwa myekundu, yote inakataa, kuanzia juu mpaka chini. Na ile sura ya hitilafu, ule mfano wa kipimajoto, mle mna namba ya simu. Ya nani ile?"

Lamjed alinitazama mimi. "Ya mtu ambaye hayupo," akasema.

"Iondoe. Weka sifuri tupu, na uandike kwa herufi nene kuwa kila mtu aweke namba yake mwenyewe."

Sikuelewa upesi. Nilimwona tu ameketi, mikono juu ya meza, na chai inapoa. Nikamwuliza kuna nini, mwongozo ameshauandika upya mara ngapi, huu una nini cha ajabu? Ndipo akanieleza. Watu wakihamia toleo jipya, vile viprogramu vyao vya zamani vitakataa. Watarudi kwenye mwongozo, watanakili mfano mpya, na mfano mpya utawaambia waweke namba zao. Pampu ya Kasserine itamwambia mwenye pampu. Friji itamwambia mwenye friji. Simu ya mama haitalia tena.

"Na Boutheina?" nikauliza.

"Kile kisanduku cha kompyuta kinachoangalia mashine zake kinajisasisha chenyewe. Mwisho wa mwezi kitachukua toleo jipya. Asipobadilisha kitu, mara ya kwanza waya ukilegea programu itasimama, haitatuma meseji kwa yeyote, yeye atakuwa amelala, na vifaranga vitakufa kwa baridi."

"Basi mwambie abadilishe."

"Nikimwambia abadilishe nitamwambia aweke namba yake." Akachukua chai ile baridi, akaiweka tena. "Kuna njia nyingine. Namwambia azuie kusasisha, abaki na la zamani. Ataniamini, dada. Akiambiwa na ofisi ataamini."

"Si ufanye hivyo!"

"Toleo la zamani halitatunzwa tena na mtu. Siku moja litamkwamia pabaya, na mimi nitakuwa ndiye niliyemwambia abaki nalo, kwa sababu zangu mwenyewe."

"Lamjed, unampenda huyu mwanamke."

"Sijawahi kumwona."

"Sijakuuliza kama umemwona."

Akafungua kompyuta, akaanza na sura ya namba na hesabu, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Alifanya kazi kwa namna ambayo sijamwona akifanya. Sura ya maneno, sura ya orodha, sura ya mafaili, zote alizipitia, akaandika juu ya kila moja kile kijineno chao cha kuonya kuwa tangu toleo hili mambo si kama zamani. Mifano aliijaribu mmoja mmoja mpaka ikaacha kuwa myekundu. Sura ya hitilafu aliiruka. Ridha akampigia kumkumbusha, Lamjed akasema nakuja nayo. Ridha akapiga tena. Nayo simu ya mama ikawa inalia na Boutheina anauliza mvua imefika Sfax au bado, na Lamjed anamjibu kila kitu isipokuwa lile moja, na akikata anabaki ameishika simu mkononi. Niliona anakonda. Mimi huwa siwezi kunyamaza, mume wangu atakuapia, lakini siku zile nilinyamaza, kwani ningesema nini? Kila nilichotaka kumshauri kilikuwa cha kumfaa yeye na kumdhuru yule mama.

Mwezi ulipokaribia kwisha nilimkuta asubuhi ameshavaa koti, kana kwamba anakwenda safari. Simu ya mama iko mezani. "Kaa, dada," akasema. "Nikiwa peke yangu sitaweza."

Nikakaa. Akapiga, akaweka spika.

"Kaka wa Minwal!" Boutheina akasema. "Sijavunja kitu leo. Au mashine imenisingizia?"

"Hapana, Bi Boutheina. Leo nimepiga mimi. Lugha imebadilika. Nataka nikusomee mistari michache uandike upya kwenye kisanduku chako, kisha uweke namba yako ya simu."

"Yangu? Na hii yenu?"

"Hii si yetu. Hii si ya kampuni." Alikuwa anautazama ukuta. "Ni namba ya mama yangu. Alishafariki. Niliiweka kwenye mfano kwa makosa, watu wakaichukua. Hakuna ofisi. Hapakuwa na ofisi toka mwanzo. Nilikuwa mimi tu, nyumbani."

Upande wa pili vilisikika vifaranga, mamia, vinapiga kelele.

"Mungu amrehemu mama yako," akasema Boutheina.

"Amina."

"Basi nisomee, niandike."

Akamsomea. Lo, namna alivyomsomea! Ile sauti aliyokuwa akizungumza naye mvua na pilipili aliiweka kando, akashika sauti ya mwongozo. Jaribu kusoma joto. Ikiwa waya umekatika, daka hitilafu ya waya, tuma meseji. Ikiwa umeme umezima, daka hitilafu ya umeme, tuma meseji. Kila hitilafu kwa jina lake, Bi Boutheina, usiache hata moja. Yule mama anaandika, anarudia kila mstari taratibu, sauti yake nayo imekauka. Walipomaliza Lamjed akamwambia achomoe waya wa kipimajoto ajaribu. Tukasikia mlio wa simu, mlio mwingine, kule kwake.

"Imefika kwangu," akasema Boutheina.

"Vizuri. Inafanya kazi."

"Basi kaka, sitakusumbua tena."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilimtolea macho, nikampungia mikono yote miwili, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Na yeye, mwanamume mzima mwenye nywele nyeupe, unajua alisema nini?

"Haya," akasema.

Haya! Akakata simu, akasogeza kompyuta, akaiandika sura ya hitilafu yote bila kuinuka. Alipofika kwenye namba akaweka sifuri tupu. Ridha alimsifu sana. Alisema ni sura bora ya mwongozo wote, iko wazi, hata mtoto ataielewa. Lamjed akanisomea sifa hizo kama anayesoma bei ya viazi.

Simu ya mama haikunyamaza ghafla. Kasserine ilikuwa ya mwisho, pampu ile ililia mara mbili tatu, kisha mwenyewe naye akabadilisha. Baada ya hapo kimya. Lamjed aliitoa kabatini, akaiweka mezani karibu na sahani yake. Anaichaji. Anaiwekea salio. Nikifika naye anakula, mkono wa kulia una kijiko, wa kushoto uko karibu na simu. Aliacha kupiga pasi. Shati likawa lolote tu. Siku moja nilimkuta hajapika, saa ya chakula cha mchana imeshapita, na aliponiona akasema, "Kumbe wewe," akajaribu kulifanya neno hilo liwe la furaha. Nilitoka nje nikalia kando ya ukuta wa jirani, watu wakipita na kunisalimia nawaambia ni vumbi.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda saa anayokuwa msikitini. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikaichukua simu ya mama mezani, sikuwa nimeishika tangu ivuliwe shingoni mwake, nikaitafuta namba ya Makthar. Wala haikuwa kazi, zote za karibuni zilikuwa zake. Nikapiga, nikijua kabisa nitakavyomkaripia huyo mwanamke, iweje amwage mtu hivihivi baada ya kumzoesha.

Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Lamjed?" akasema.

Si kaka wa Minwal. Lamjed. Kumbe alishamwambia jina lake. Hasira zangu zote zikaniponyoka.

"Si yeye. Ni dada yake, Mongia."

"Amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Ndiyo shida yenyewe, hapatwi na kitu. Anakaa anaitazama simu." Nikavuta pumzi. "Nakuomba radhi kwa niaba yake, alikudanganya muda mrefu kuwa kuna ofisi."

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kibaya, cha mtu aliyetoka kulia. "Dada yangu, ofisi gani inayomwuliza mtu amekula nini? Mpwa wangu ndiye aliyenifungia ile mashine. Siku ya pili tu baada ya Lamjed kunipigia mara ya kwanza aliniambia, 'Khalti, hii namba ni ya mfano, nibadilishe niweke yako?' Nikamwambia aiache."

"Uliiacha kwa nini?"

"Si alipiga," akasema. "Nilikuwa sijapigiwa na mtu anayeuliza kitu kimoja tu kisha akasubiri jibu. Wewe ulidhani mashine zangu ni mbovu kiasi hicho? Kila wiki? Mashine zangu nzima. Mara nyingi nilikuwa nachomoa waya mwenyewe."

Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema siku ile, alipokuwa anaambiwa aweke namba yake.

"Na yeye si angesema? Alinisomea mistari kama anamsomea mteja. Taja hii, taja ile. Nikajua amechoka nami, anatafuta namna ya kunitoa kwa adabu. Nikamrahisishia." Vifaranga vilikuwa vikilia nyuma yake. "Mimi nimeshapiga sana, Bi Mongia, kwa kuchomoa waya. Sasa mwambie apige yeye."

Lamjed aliporudi nilimwambia palepale mlangoni, hata viatu hajavua. Nilimwambia yote. Alinisikiliza amesimama, na la kwanza alilosema, Mungu ni shahidi, lilikuwa hili: "Alikuwa anachomoa waya? Kipimajoto kingeweza kuharibika."

"Lamjed!"

Akakaa. Uso ukabadilika rangi. "Alijua," akasema. "Muda wote alijua." Kisha akaiona simu ya mama mkononi mwangu, na alinigeukia kwa sauti ambayo hajawahi kunitolea maishani. "Nani alikuambia uishike? Nani alikutuma? Nyumba yangu, simu yangu, mambo yangu! Umekwenda kuniombea kwa watu kana kwamba mimi ni kilema?"

"Nimekwenda kwa sababu wewe ungekaa hapo mpaka ufe!"

"Basi niache nife! Nenda kwako, Mongia."

Hakuniita dada. Nikaiweka simu mezani, nikachukua mkoba wangu na sinia langu, nikatoka. Nilitembea kutoka kilomita ya nne hadi ya pili nikizungumza peke yangu barabarani, nikimtukana, nikijitukana, magari yananipigia honi. Nilisema sikanyagi tena pale. Nilisema nimempoteza mdogo wangu kwa domo langu, na kwamba hili sasa halitengenezeki, kwani Lamjed akinuna ananuna mwaka.

Jua lilikuwa limeshainama nilipoanza kuogopa. Mtu hajala, amefoka, ana presha, yuko peke yake. Nikapiga simu yake. Imezimwa, ndivyo anavyonuna. Nikamtuma mume wangu akamwangalie, akasema mwache mtu apumue. Ikabaki namba moja. Sikuwa nimeipiga tangu mazishi, niliogopa ule mlio unaoita bila kupokelewa. Nikaketi kitandani, nikaiandika kwa vidole vyangu, nikaweka sikioni.

Haikuita. Ilikuwa inatumika.

Nilikata, nikaweka kahawa jikoni, nikasimama pale mpaka ikachemka, nikapiga tena. Inatumika. Nikanywa kikombe kizima, polepole, nikaosha kikombe, nikapiga. Mume wangu akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia mdogo wangu hapokei simu.